Magunia Kumi ya Kupima Lifti

Phelix Adongo hakuwahi kutengeneza hata baiskeli. Lakini asubuhi aliyomwona Mama Nyakerario amesimama Sotik mjini, shingo juu, akikagua jengo kuukuu la ghorofa nne, alijua mara moja kwamba yeye ni injinia wa lifti. Kila mtu na siku yake ya kuitwa.

"Mama, unanunua?"

"Nataka. Lakini Weldon, mwenye jengo, amekaza bei. Ati lifti ni nzima."

Phelix akasikitika kama mtu aliyefika matanga. "Lifti hainunuliwi kwa macho, mama. Mimi ndiye huzipima. Leta magunia kumi ya mbolea tuipe mzigo. Ikibeba, nunua. Ikikataa, pole."

Sasa, lifti ile ilishuka pia mpaka stoo ya chini, na stoo ilikuwa na mlango wa nyuma, na huko nyuma pikapu aliyoikodi ilikuwa tayari imeingia kinyumenyume. Mama apande ngazi, mbolea iteremke. Na bei ya mbolea siku hizi, muulize mkulima yeyote wa chai uone akilia.

Mama akaleta magunia kwa lori lake bila kubishana. Phelix karibu amhurumie. Karibu.

"Ningoje ghorofa ya nne, mama. Nakuja na mzigo."

Akapakia magunia, akafunga mlango, akabonyeza kitufe cha chini. Lifti ikateremka kidogo, ikazima. Giza tupu. Harufu ya mbolea ikamjaa puani.

"Fundi," sauti ya mama ikatoka juu ya kichwa chake, "imekwama?"

"Kidogo tu."

"Si utengeneze?"

"Shida iko huko nje, mama. Ita fundi."

Simu ya Phelix ikalia mfukoni: ni mama, anamwita fundi wa pekee aliyempa namba. Akaikata kwa aibu.

Punde Weldon, aliyeitwa na mama, akafika, akaongea kupitia ufa wa mlango. "Injinia, ni ukweli lifti yangu imekufa?"

Phelix akawaza. Akisema ni nzima, ataulizwa alikuwa anapeleka wapi mbolea ya watu chini wakati mwenye mbolea anamngoja juu. Na seli za polisi anazijua. "Imekufa, mzee. Hiyo ni ya kuzika tu."

Weldon akaguna. Bei ikashuka pale pale, wakaandikiana mbele ya mzee wa mtaa. Weldon alipoondoka tu, mama akawasha swichi kubwa ya stima, ile aliyokuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Lifti ikapanda laini, bila hata kukohoa.

"Mama, kumbe ulijua?"

"Nimekuwa karani wa kupima majani chai miaka ishirini. Nimeletewa majani yenye maji, nikaletewa yenye mawe. Mtu akiulizia magunia kabla ya kuulizia mashine, huyo namjua."

"Basi nipe kitu kidogo. Si nimekusaidia?"

"Umenisaidia sana. Rudisha magunia kwenye lori langu, yote kumi. Halafu kesho saa mbili asubuhi uwe Kericho. Kuna jengo lingine nalitaka, na hilo liko na lifti mbili."

Phelix akainama, akabeba gunia la kwanza.