Biti za Nungunungu na Ukuta wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Nimekasirika. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umejaa malengelenge. Biti tatu za drili zimekufa leo kwenye ukuta mmoja. Tatu! Na si biti za kuokota. Ni Nungunungu, chapa niliyoitumia tangu nianze ufundi, chapa ambayo kofia yake naivaa kila siku mpaka mtaani wananiita Fundi Nungunungu.

Kazi yenyewe ni kutundika makabati ya jikoni kwa mama mkwe. Halipi, lakini kuna kitu kikubwa kuliko malipo. Ana chumba cha mbele kinachotazama barabara, kilichokuwa karakana ya marehemu baba mkwe. Amesema atampa mkwe mmoja kati yetu wawili, yule atakayefanya kazi ikamridhisha. Mimi nafanyia kazi barazani. Mvua ikinyesha mbao zinalowa, na mimi nalowa. Chumba kile ni changu!

Mpinzani wangu ni mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Naye ni fundi. Mtu wa polepole, wa kuudhi. Yeye kapewa mlango wa uani, mimi makabati. Mwisho Jumamosi.

Biti ya kwanza ilitoa moshi. Ya pili ilidondosha ncha, ikabaki humo humo tunduni. Ya tatu ilipinda. Biti ya zege, kupinda! Na mimi si mgeni wa kazi hii. Nina mtindo wangu: sipimi kina. Nailalia drili kwa kifua, nazamisha mpaka mdomo wake, ule unaoshika biti, uguse ukuta, basi, tundu limetimia. Leo mdomo haukugusa kitu. Nimepata kashimo ka kutosha punje ya mchele.

Jumanne, 5 Mei

Dukani asubuhi na mapema. Nilimwambia mwenye duka la vifaa kwamba ameniuzia feki. Akaapa ni halisi, akanitolea katoni, akanionyesha muhuri na picha ya mnyama. Nikamwambia hata huyo nungunungu mwenyewe amekonda. Kweli tupu! Zamani alikuwa na miiba mgongo mzima. Sasa wamemwachia michache, kama mswaki uliochakaa.

Akanieleza kwamba kiwanda kiliuzwa, wenye nacho wapya wanabana matumizi, chuma kimekuwa chepesi na biti zimefupishwa. Eti mafundi wote wanajua. Wote! Na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia.

Nikapiga namba iliyo kwenye pakiti. Muziki. Muziki tena. Halafu binti mwenye sauti ya asali akauliza kama ukuta wangu ulikuwa ndani ya matumizi yaliyokusudiwa. Nikamwambia ukuta ni ukuta, dada yangu, umekusudiwa kutobolewa. Akanishukuru kwa kuwa mwanafamilia wa Nungunungu, simu ikakatika.

Nimeitupa kofia kwenye pipa la taka. Adhuhuri nimekwenda kuitoa. Sina nywele, na jua halina huruma.

Jumatano, 6 Mei

Nilikuwa na mpango. Mpango safi. Nilizisugua biti zilizokufa kwa msasa na majivu mpaka zikang'aa, nikazirudisha kwenye pakiti zake, nikafunga kwa gundi ya mbao. Nikisharudisha, nadai nyingine. Mke wangu alitaka kujua kwa nini nabandika pakiti kwa gundi ya makabati. Nikamwambia hiyo ni siri ya biashara. Akaguna. Mguno wake naujua.

Gundi haikukauka. Mwenye duka alishika pakiti ikagoma kutoka kiganjani. Akautingisha mkono mbele ya wateja, ikamng'ang'ania. Ikabidi aende nyuma kutafuta mafuta ya taa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Na nani alikuwa kwenye foleni? Mwanyumba! Alikuja kununua tepu. Anaizungushia kwenye biti, sehemu anayotaka tundu liishie, ili asizidishe. Biti zake hazina hata jina, anazichagua kwenye ndoo ya mlangoni, kisha anazifunga bandeji kama majeruhi. Huyu ni fundi au nesi?

Akanivuta pembeni. "Kaka, hizo Nungunungu tulishaziacha. Chukua za kwenye ndoo, na usizilalie. Ziache zitoboe zenyewe, upoze kwa maji." Kwa upole huo! Angenitukana ningevumilia. Nilimjibu moyoni, kwa maneno ambayo hata shajara hii haiwezi kuyabeba.

Za kwenye ndoo sikununua. Nilinunua pakiti nyingine ya Nungunungu. Huenda ile ya kwanza ilikuwa mkosi tu.

Alhamisi, 7 Mei

Haikuwa mkosi.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni akitazama vishimo vyangu. Aliuliza kama natundika makabati au nauambukiza ukuta ndui. Kutoka uani mwanyumba akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

Akaniita sebuleni ninywe chai. Huko ndiko nilikoiona. Ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na saa na miwani ya marehemu: biti ya baba mkwe. Nungunungu ya zamani! Ndefu, nzito, nyeusi ya chuma chenyewe, ncha bado inameta. Mama mkwe akasema nyumba nzima ilitobolewa kwa biti ile moja, kila pazia, kila bomba, na marehemu hakuwahi kuinoa. Tena akasema haiguswi na mtu, ndiyo kumbukumbu yake.

Sioni haya kuandika kwamba machozi yalinilenga. Hicho ndicho walichotuibia! Mtu alinunua kitu kimoja, akazeeka nacho, akakiacha. Mimi nitaacha nini kwenye kabati la vioo? Pakiti iliyonata?

Nimeshapata wazo.

Ijumaa, 8 Mei

Mama mkwe alikwenda sokoni. Ufunguo wa kabati la vioo anauficha kwenye kopo la sukari, jambo ambalo kila mtu mwenye kunywa chai nyumbani mwake analijua. Nikaichukua biti ya marehemu, mahali pake nikalaza mojawapo ya hizi mpya. Ilikuwa fupi mno, ikaonekana kama mtoto kwenye kitanda cha baba yake. Nikakikunja kitambaa kidogo upande mmoja. Haitambuliki.

Si wizi. Nimekopa ndani ya ukoo.

Kesho nitatoboa mbele ya watu, tundu kwa pigo moja. Mwanyumba atakula jeuri yake. Mlango wake keshaumaliza tangu jana, nao unafungwa bila kelele. Mlango usio na kelele utajuaje kama umefungwa? Upuuzi mtupu.

Jumamosi, 9 Mei

Mwisho wa kazi ulikuwa leo.

Nilianza vizuri. Nilivaa kofia. Mama mkwe alikuwa chumba cha mbele, upande wa pili wa ukuta huo huo, amekaa na mwanyumba wakizungumzia wapi patakaa meza ya kazi. Tayari wanapanga meza! Damu ikanichemka. Nikaiweka ncha ukutani, nikailalia drili kwa kifua kama kawaida yangu, nikisubiri mdomo uguse.

Loo! Ile biti haikutoboa, ilimeza. Ukuta ulionidharau wiki nzima ukawa siagi. Nikasikia raha ambayo sijaisikia miaka mingi. Nikazidi kuegemea. Mdomo ukagusa ukuta, pa! Nikapiga kelele ya ushindi.

Na upande wa pili wakapiga kelele. Si ya ushindi.

Biti ile ni ndefu mara mbili ya hizi za siku hizi. Ilipita ukuta wote, ikatokea chumba cha mbele, mahali ilipotundikwa picha kubwa ya baba mkwe. Ilimtokea puani. Kioo chini. Mama mkwe na kikombe mkononi, akimtazama mumewe anaota pua ya chuma inayozunguka.

Nilikimbilia huko. Mama mkwe aliisogelea ile ncha, akaiangalia, akasema taratibu, "Hii naijua." Akaenda kwenye kabati la vioo. Akakinyoosha kitambaa.

Nikamweleza kwamba kosa ni la kiwanda. Kama wangeendelea kutengeneza biti ndefu, ningekuwa nimezoea urefu wake. Hakuna aliyeona mantiki. Mke wangu alinishika mkono akanipeleka nyumbani kama mzee aliyepotea njia.

Jumapili, 10 Mei

Chumba kapewa mwanyumba. Jana hiyo hiyo alimalizia makabati, kwa biti za kwenye ndoo, kwa bandeji zake na chupa ya maji. Mke wangu kanielezea jinsi yalivyonyooka. Sikuuliza, alinielezea tu.

Leo mvua imenyesha. Nilikaa barazani nikizifunika mbao kwa turubai, nikafikiria kile chumba, dirisha lake, pale barabarani watu wangepita wakasoma jina langu. Iliniuma. Imeniuma sana, na hilo naliandika bila mzaha.

Jioni mama mkwe kaniletea ujumbe kupitia mke wangu. Picha imewekewa kioo kipya, pua imezibwa kwa karatasi. Hataki tena ikae chumba cha mbele, anataka itundikwe jikoni, kando ya makabati. Na anataka niitundike mimi, mwenyewe, kwa adabu. Eti marehemu asingependa ukoo ununiane.

Ni mwanamke mwema. Nilijua atarudi kwangu.

Jumatatu, 11 Mei

Habari njema kupita zote! Nilipita dukani, mwenye duka bado ana gundi kwenye kucha, lakini kaniita kwa mkono ule ule. Nungunungu wametoa toleo jipya. Pakiti nyekundu. Imeandikwa kabisa: chuma imara, urefu wa zamani. Urefu wa zamani! Wamenisikiliza. Yule binti wa sauti ya asali lazima alifikisha ujumbe.

Nimenunua mbili, nikapewa kofia mpya bure. Nungunungu wa kofia hii amerudishiwa miiba yake yote.

Mwanyumba alipita barazani akaniachia kipande cha tepu. Nimekitumia kufungia turubai.

Kesho asubuhi natundika picha. Ukuta ni ule ule, ila pembeni kidogo. Mke wangu ananikumbusha kwamba upande wa pili mwanyumba kaegemeza kioo kikubwa cha mteja wake wa kwanza. Sielewi kinahusiana nini na mimi. Mimi nipo jikoni, nailalia drili yangu, nasubiri mdomo uguse ukuta.