Mwisho wa Boriti Yenye Damu

Jumatatu, 2 Mei 1994

Siku kubwa. Posa yangu kwa Muzdalifa, binti wa Mzee Mshamu, imepokelewa. Mshenga wangu, Mzee Abbasi, ameniambia nisichanganye kupokelewa na kukubaliwa. Nimevichanganya makusudi. Raha zaidi.

Tatizo ni moja. Barua ya Kondo ilifika asubuhi ile ile. Kondo, mwenye kibanda cha video pale stendi ya Kibiti. Mwenye jenereta. Mwenye meno yote. Mzee Mshamu hajui barua ipi ilitangulia, na dini inakataza mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake. Kaona asije akabeba dhambi ya mtu, kamwachia binti aseme mwenyewe. Na binti, badala ya kusema, katoa kitabu!

Riwaya ya upelelezi. Inaitwa Boriti Yenye Damu. Abiria mmoja aliisahau mwezi uliopita, basi la Lindi lilipokwama kwenye tope, na tangu hapo imezunguka Kibiti nzima mkono kwa mkono. Sharti la Muzdalifa ni kwamba sote wawili tuisome kwa zamu, kisha Alhamisi ya wiki ijayo tuje barazani kwa bibi yake, kila mtu aseme ameionaje. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Anataka kujua mume atakayekaa naye ana nini kichwani.

Ninampenda binti huyu. Mwaka jana alinunua shati la baba yake kwenye meza yangu ya mitumba, akarudi kesho yake kuniambia kifungo kimoja si ndugu wa wenzake. Alicheka alipokuwa ananiambia. Sijatulia tangu siku ile.

Ninaanza mimi kusoma. Kondo ataipata Jumapili. Kichwa ninacho, kofia zote za mtumba hazinitoshi. Kondo kwisha habari yake.

Jumanne, 3 Mei

Nimesoma. Tajiri wa boriti za mikoko kakutwa maiti ghalani kwake. Kaja Inspekta, kavaa koti refu katika joto la pwani. Nikafika ukurasa wa tisa, nikalala. Nilipoamka, mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna kola ya shati la daraja la kwanza.

Nimefikiri sana. Mji mzima umeshakisoma kitabu hiki. Ya nini nichoshe macho kwa kazi iliyokwisha fanywa? Siku hizi ni soko huria. Mtu hashoni anachoweza kununua kimeshashonwa. Nitakusanya maoni ya watu, nichambue, nichague lililo safi, nilivae. Ndivyo ninavyokula kila siku.

Kitabu nimekiweka chini ya mto, ili kisinisumbue.

Jumatano, 4 Mei

Nimeanza na Biasha, mpika chapati. Kasema hajapata kusoma kitabu kizuri kama kile. Kalia kwa ajili ya mke mdogo wa marehemu mpaka chapati zikaungua. Sura za bastola zote aliziruka, hana haja nazo. Inspekta ni mjinga. Muuaji ni karani wa ghala, na akaapa kwa uhai wake. Nikashangaa. Mtu aliyesoma anaapa ya nini?

Jioni nikaenda kwa Mzee Haruni, mwalimu mstaafu. Kasema kitabu ni hovyo. Hakina funzo. Inspekta haswali, haoi, hali, anavuta sigara tu. Lakini Kiswahili chake kitamu, kwa hiyo amekisoma mara ya pili ili akichukie vizuri. Nikamuuliza muuaji. Kasema akili inaelekeza kwa nahodha wa jahazi la boriti.

Wauaji wawili sasa. Watu hawajui kusoma.

Ijumaa, 6 Mei

Baada ya swala nilimdaka Semeni, mbeba boriti wa Nyamisati, aliyekuja Kibiti kufuata dawa ya meno yake. Naye alikisoma. Yeye alisoma sura za bastola tu. Kakisifu mno, ila lile boti la majambazi limekimbizwa sura tatu bila kuongezwa petroli. Angemkamata mke mdogo mara moja, kwani mwanamke anayelia vile ana jambo.

Kitabu kimoja, wauaji watatu! Biasha analilia mtu ambaye Semeni anataka kumfunga. Nchi hii inahitaji elimu ya watu wazima irudi.

Jumamosi, 7 Mei

Nimebadili mbinu. Maoni ya mji hayana maana. Ninachotaka ni maoni ya Muzdalifa, niyaseme kabla yake, aone tumeumbwa kwa udongo mmoja. Nikamwendea bibi yake, Bi Nasra, na zawadi. Sweta. Zito, la sufu, halijaguswa na mende. Kibiti hakuna baridi, lakini heshima haina majira.

Bi Nasra alilipokea kwa mikono miwili. Kaniambia mjukuu wake amegombana na kitabu kile wiki mbili nzima. Analalamika kwamba kimemwacha njiani.

Kimemwacha njiani. Maneno ya mtu aliyeguswa moyo. Nitayatumia.

Lakini muuaji bado simjui. Nikarudi kwa njia ya gereji ya baiskeli ya Dadi. Dadi ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo ni mtani wangu. Alishawahi kujilaza kitandani kwangu nilipokuwa safarini, akawaambia majirani ndiye mimi na nimefilisika. Hata hivyo ni damu yangu, na alikisoma kitabu kabla ya Muzdalifa.

Kaniuliza nimekimaliza? Nikamwambia nimebakiza kidogo, lakini sina muda. Akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akaninong'oneza: aliyeua ni Inspekta mwenyewe. Katika ukurasa wa mwisho anajitia pingu, anautupa ufunguo mtoni, na ufunguo unamezwa na kambare.

Nikamtaka aape. Kasema watani hawaapiani. Nikaona ni kweli kabisa, hawaapiani.

Jumapili, 8 Mei

Nimempelekea Kondo kitabu. Nilitaka kumharibia mapema, nikamwambia kwa huruma asihangaike kukisoma, mwishoni inajulikana tajiri alijiua mwenyewe. Kondo akafungua nyuma ya kitabu, akanitazama mimi, akatazama kitabu tena. Akaniuliza kama nimekisoma chote. Nikamwambia mpaka jalada.

Akaniletea kiti na soda. Adui anayekuletea soda ameshaogopa.

Jumatano, 11 Mei

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nimeamua kusema maoni ya watu wote, ili lolote la Muzdalifa liwemo ndani. Nitakuwa na huzuni ya Biasha, ukali wa Mzee Haruni na petroli ya Semeni. Mwisho nitashusha kambare.

Kanzu imepigwa pasi. Kofia mpya ya viua, ya kudarizi kwa mkono, niliyoshonewa kwa kipimo changu kwa ajili ya Idi, nimeamua kuivaa kesho. Siku ni hiyo.

Alhamisi, 12 Mei



Barazani alikuwepo Bi Nasra ndani ya sweta, jasho linamtiririka, hakutaka kulivua kwa heshima yangu. Mzee Mshamu. Mzee Abbasi. Muzdalifa pembeni ya bibi yake, kitabu mapajani. Dadi naye kaja, bila kualikwa, kakaa karibu na mlango.

Kondo alianza. Vibaya sana. Alikiri mbele ya wazee kwamba aliyeua hamjui! Nikamhurumia. Kasema koti la Inspekta lilimuudhi tangu mwanzo, na sura ya soko la samaki aliirudia mara mbili kwa kicheko. Anamshuku karani. Muzdalifa akampinga hapo hapo: karani alikuwa kisiwani Mafia siku ile, imeandikwa. Kondo akamjibu kwamba tiketi ya Mafia haikuwa na jina. Muzdalifa akasema ni mke mdogo. Kondo akasema mke mdogo hawezi kuinyanyua boriti. Muzdalifa akamwuliza amewaonea wapi wanawake wa Rufiji wasioweza kunyanyua boriti. Wakabishana mpaka chai ya tangawizi ikapoa. Macho ya Muzdalifa yalikuwa yanawaka. Nikajua ni hasira. Kondo anazama, nikasema moyoni.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama. Nikasema kitabu hakina funzo na kimejaa mafunzo. Nikasema nimelia na chapati zimeungua. Nikagusia petroli. Nikasema, nikimtazama Muzdalifa, kwamba kimeniacha njiani. Akainua uso haraka, akafurahi. Hapo ningekaa! Ningekaa chini hapo, leo ningekuwa mchumba wa mtu.

Sikukaa. Nikashusha sauti nikawaeleza kuhusu Inspekta. Pingu. Ufunguo. Kambare.

Muzdalifa akaniuliza kwa adabu nimeyasoma ukurasa gani hayo. Nikasema wa mwisho kabisa, na nililisoma neno la mwisho kwa machozi. Akaniletea kitabu. Akaniomba niwasomee wazee.

Nikafungua nyuma. Inspekta amewakusanya watuhumiwa wote ghalani. Anawaambia muuaji yumo humu ndani, naye ni...

Baada ya hapo ni jalada. Hakuna karatasi nyingine. Kumbe siku ile basi lilipokwama abiria walichana kurasa za mwisho wakawashia moto wa chai. Mji mzima unajua. Ndiyo maana mji mzima unabishana! Hakuna aliyewahi kumjua muuaji, na kila mtu ana wake. Muzdalifa hakutaka jibu. Alitaka kusikia mtu anavyofikiri.

Dadi alianguka chini kwa kicheko, akagaagaa. Nikawataka wazee wamhukumu. Mzee Abbasi akasema mtani hashtakiwi. Akasema tangu azaliwe hajapata kusikia mtu mzima aliyekwenda kwa mtani kutafuta ukweli. Dadi akainuka, akanivua kofia yangu ya Idi mbele ya watu, akaivaa. Ni haki yake kwa mila. Imemwingia mpaka puani, na bado aliondoka nayo kwa maringo.

Bi Nasra peke yake ndiye aliyenifariji. Kasema habari ya kambare ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 13 Mei

Jibu limekuja kwa mdomo wa Mzee Abbasi. Muzdalifa amemchagua Kondo. Anasema mtu aliyesoma akampinga, huyo ataweza kuishi naye, maana watagombana juu ya jambo wanalolijua wote. Lakini mtu anayekubaliana na kila mtu bila kusoma, siku wali ukiungua atakubaliana na moshi.

Imeniuma. Naandika wazi, imeniuma. Nilikaa kwenye meza yangu nikatazama vifungo vya mashati mpaka adhuhuri. Vingi si ndugu.

Mzee Abbasi alinishauri jambo moja tu: safari nyingine nikipewa kitabu, nikisome. Nimemshukuru. Wazee wana maneno mazito.

Jumatano, 25 Mei

Idi imepita salama, nimeswali na kofia ya mtumba, imenibana. Harusi ya Kondo imetangazwa. Wameshagombana kuhusu nani aandike mwisho wa kitabu, na nasikia kila mmoja anaandika wake. Nawaombea heri. Mimi nimekuwa mtu mwingine. Makosa yangu nimeyachambua moja moja, na nimegundua kosa kubwa: niliuliza watu wengi mno. Maoni yakazidiana.

Mzee Abbasi kanipatia habari njema. Kuna binti katika kijiji cha Mahege, Maimuna, mpole, baba yake ana mikorosho. Anapenda kusoma hadithi za mapenzi. Amempa mzee aniletee moja niisome kabla hatujaonana, nene, na safari hii nimehakikisha kurasa za mwisho zipo zote. Nimezigusa kwa mkono wangu. Mtu hang'atwi na nyoka shimo moja mara mbili.

Nilianza kuisoma leo asubuhi. Nimefika ukurasa wa sita. Usingizi ukanishika.

Bahati yangu, Dadi alipita, kofia yangu kichwani. Kaniomba radhi kwa yote, kwa unyenyekevu ambao sijapata kuuona kwake. Kumbe kitabu hiki naye alishakisoma. Amenieleza chote pale pale, bila hata kumwomba, na mimi nimeandika la muhimu nisije nikalisahau siku ya Mahege.

Mwishoni bwana harusi anamezwa na kambare.