Mashine Isiyokosea ya Mikate Minne

Kesho haikuwa na siri kwa Daktari! Usiulize ni daktari wa nini, maana shahada yenyewe ya uzamivu alikuwa bado anaihangaikia. Jina alijipa mapema ili alizoee. Alitafiti udhibiti wa mambo ya nasibu, yaani namna ya kuamua vizuri wakati hujui kesho italeta nini. Yeye alidai anajua, na aliwaeleza hata watu waliokuwa wakipita zao.

Sura ya mwisho ya tasnifu ilidai ushahidi wa duka halisi. Akambembeleza shangazi yake, mwoka mikate, aiachie kompyuta iamue kila siku aoke mingapi. Shangazi alizoea kuoka themanini kwa kukisia, lakini mtoto wa kaka yake angemkatalia vipi?

Kila jioni Daktari aliingiza idadi ya mikate iliyouzwa. Iliyouzwa, basi! Kompyuta, kwa kuogopa mikate kulala, ikapunguza kidogo: sabini. Yote ikaisha, na Daktari akaandika kwamba waliotaka mkate ni watu sabini. Siku iliyofuata sitini, nayo ikaisha. Wiki ya tatu, tanuri lile kubwa liliwashwa kwa ajili ya mikate minne, ikaisha kabla shangazi hajamaliza kufunga aproni.

Daktari hakushikika. Hakuna mkate uliobaki! Kosa, sifuri! Shangazi alipomwambia kwamba wateja wananuna, akajibiwa kwamba kununa si takwimu. Mama wa watu ilimuuma, maana duka hilo ndilo lililomsomesha huyo huyo Daktari, na sasa lilikuwa linakufa mikononi mwake.

Ikafika siku ya msimamizi wa tasnifu kuja kukagua. Profesa aliingia asubuhi na njaa yake, akaomba kwanza mkate wa moto.

"Imekwisha," shangazi alisema. Akachukua chaki, akachora mstari nyuma ya mlango.

Mlango mzima ulikuwa umejaa mistari, kuanzia juu mpaka chini. Profesa akauliza ni ya nini.

"Watu waliotaka mkate wakaukosa. Huyu wa mwisho ni wewe."

Profesa akavaa miwani, akahesabu safu kwa safu. Daktari, makwapa yamelowa, akaeleza mbiombio kwamba mashine haijawahi kukosea hata siku moja.

"Kweli," profesa alisema. "Ukipunguza minne tu tena, utalifunga duka bila kosa lolote."

Kisha akaupiga mlango picha, akamgeukia shangazi na kumwomba, kwa adabu zote, amfundishe kijana huyu utafiti kila Jumatatu.

"Anakaribishwa," shangazi alisema. "Ila kompyuta aiache nyumbani. Unga unakandwa kwa mikono miwili."