Muhuri Uliolala Sefuni

Ilitangazwa barazani, mbele ya wananchi wote na mbuzi kadhaa, kwamba muhuri wa serikali hautalala tena mfukoni mwa koti. Naibu wa chifu, Mzee Nicodemus Ogola, alieleza kuwa mwaka huo wa 1988 ulijaa watu wenye nia mbaya na mihuri. Kwa hivyo yeye binafsi alikuwa amenunua sefu ya chuma kwenye mnada Kisumu, na kuikaza ukutani chumbani mwake mwa kulala. Wananchi wakapiga makofi, maana jua lilikuwa kali na makofi ndiyo humaliza baraza.

Sefu ilikuwa nzuri, isipokuwa namba zake. Muuzaji wa mnada alizijua, na Mzee Nicodemus hakuona kwa nini muuzaji wa mnada ajue siri za serikali. Fundi angeweza kuzibadilisha, lakini fundi naye ni mtu. Basi Alhamisi moja, baada ya uji, akaufungua mlango wa sefu, akabandua kifuniko cha nyuma ya mlango huo kwa kisu cha mkewe, Mama Rosa, cha sukuma wiki, akazungusha hiki, akalegeza kile, na palipolia akapaka mafuta ya kupikia. Namba mpya akachagua mwaka aliopewa cheo. Ili kuipima kazi yake kikamilifu, akauweka muhuri ndani na kuubamiza mlango.

Mlango ukakataa kufunguka. Akajaribu mwaka wa cheo. Akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, kisha mwaka wa kuzaliwa ule wa kwenye kitambulisho, ambao ulikuwa tofauti kidogo kwa sababu za kustaafu. Mwishowe akatoka nje na kutangaza kwamba muhuri umeingia katika kipindi cha mapumziko ya kiusalama.

Habari hizo zingepokelewa kwa utulivu kama si Beldina. Mumewe alikuwa mochari, mazishi yalikuwa Jumamosi, na mochari haitoi mtu bila kibali chenye muhuri. Shemeji zake walikuwa wameshafika kutoka Muhoroni juu ya trela la miwa, na kaburi walikuwa wamelichimba nusu. Mzee Nicodemus akamfafanulia mjane huyo, kwa upole na kwa urefu, hali ya usalama ilivyo.

"Nimeskia, Baba," Beldina akasema. "Lakini mzee wangu hajui mambo ya security. Yeye anangoja tu kurudi nyumbani."

Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, hata akasahau kujibu kiofisi. Akatuma mtu aende sokoni Kibuye akamwite Wakhisi.

Wakhisi alikuwa fundi wa kufuli. Kwa bahati mbaya alikuwa pia baba wa watoto wa Apiyo, binti wa Mzee. Mzee alikuwa amewakataa ng'ombe wake wa mahari akingoja mkwe wa ofisini, mwenye tai, na katika mazungumzo yote rasmi Wakhisi aliitwa mtu anayejulikana na Apiyo.

Alikuja na mkoba wake wa vyuma, akaketi sebuleni, akanywa chai, na hapo hapo akagoma. Sefu iko chumba cha kulala cha wakwe, na mkwe haingii huko, iwe ni kwao Bungoma au huku ziwani.

"Wewe si mkwe wangu," Mzee akamwambia. "Ng'ombe zako nilikataa. Kwa hivyo ingia."

Mama Rosa alikuwa mlangoni na upawa mkononi.

"Kama si mkwe, basi ni mwanaume mwingine tu," akasema. "Na mwanaume mwingine haingii chumba yangu. Baba Apiyo, chagua."

Mzee Nicodemus alikuwa mtu wa taratibu, na hii ilikuwa taratibu iliyokamilika: akiwa mkwe haingii, asipokuwa mkwe haingii. Ingetoka ofisini kwake angejivunia. Kuibandua sefu ukutani nako hakukuwezekana, kwa sababu nati zilikuwa ndani yake, pamoja na muhuri.

Shemeji mmoja wa Beldina akauliza kama ni lazima ukuta wenyewe ubaki. Wachimba kaburi wakaja na mitaimbo na sururu zao, Mzee akatoa idhini ya mdomo, na ukuta ukabomolewa kutoka nje. Sefu ikaburutwa hadi uani na matofali yake.

Vumbi likatulia, na watu wakaona chumba. Nyuma ya kitanda, hadi darini, vilikuwa vimepangwa viti vya chuma vya kukunja, vya matanga ya kijiji. Chini ya kitanda lilikuwa limekunjwa turubai la matanga, lile ambalo kijiji kizima kililichangia, na ambalo kwa taarifa ya Mzee lilikuwa bado Kisumu likikaguliwa. Mama Rosa akautazama upawa wake.

Hakuna aliyepiga kelele. Beldina alimshukuru Baba kwa kuwatunzia vitu vyao, kisha shemeji zake wakaanza kubeba viti, mmoja mmoja, wakimpita Mzee kwa heshima. Heshima ile ilimchoma sana. Zaidi ya hayo D.O., mkubwa wake wa tarafa, angekuja kuuliza, na kila shahidi alikuwa ameshaona.

Kila shahidi, ila mmoja, na ripoti ya Mzee ilihitaji mmoja tu. Wakhisi alikuwa amechuchumaa mbele ya sefu, ameupa mgongo ukuta uliobomoka, na sefu ilikuwa wazi. Akaurudisha mkono nyuma bila kugeuza shingo, akamkabidhi Mzee muhuri.

"Umeona nini?" Mzee akanong'ona.

"Mkwe haangalii huko, Baba. Kama mimi ni mkwe, sijaona kitu."

"Na kama si mkwe?"

"Hapo nitageuka."

Mzee Nicodemus akagonga muhuri kwenye kibali cha Beldina. Kisha akakohoa na kutangaza, kwa sauti ya barazani, kwamba ng'ombe wa mkwe wake mpendwa waletwe haraka iwezekanavyo, kwa idadi yoyote ile.

Wakhisi, akiwa bado ametazama mbele, akasema wako wawili, na mmoja ni ndama.