Harusi ya Odeta Imekuwa Giza

Litapunga, Nsimbo,
Mkoa wa Katavi.
Jumanne, mwezi wa sita.

Ndugu Mtaalamu wa Kompyuta wa Ukoo,
Fabrice,
Dodoma.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU KOMPYUTA YAKO KUKATAA KUONYESHA HARUSI YA DADA YAKO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza salamu. Huku hatujambo, mahindi yameshaingia ndani na mabelo ya tumbaku yanafungwa. Nakuandikia kwa cheo chako na si kwa jina, kwa sababu jambo hili limeshavuka mambo ya baba mdogo na mtoto wa kaka yake. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha tumbaku kwa miaka kumi na minne, na malalamiko yasiyokuwa na namba nilikuwa nayarudisha yalikotoka. Kwa hiyo yangu nimeyapa namba.

Ili faili lako likae sawa, naomba nikukumbushe yaliyotangulia. Mwezi wa pili binti yangu Odeta alifunga ndoa hapa Litapunga na kijana Telesphor wa Kapalamsenga. Zablon, mpiga picha wa Mpanda mjini, alirekodi kila kitu. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu, bibi yako Donatille, mama yangu mzazi. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Mwese, pikipiki ikageuzia mtoni, na mzee wa miaka themanini na minane akarudi nyumbani amelowa, nguo zake za harusi zikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Tangu siku hiyo hakuomba kitu kingine ila kuiona harusi ya mjukuu wake kabla macho hayajamwishia. Wiki iliyopita amefika. Doto wa bodaboda alimleta kutoka milimani, amefungwa mgongoni kwake kwa kitenge ili asianguke. Tukafunga mapazia, tukaiweka mezani kompyuta uliyotuzawadia, tukachomeka flashi ya Zablon. Jumapili mama anarudi Mwese, na sijui kama ataweza safari nyingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha hakuna. Sauti ipo, tena nzuri. Kwaya inaimba, mapadri wanahubiri, akina mama wanapiga vigelegele, lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza tulikaa nusu saa tukidhani Zablon ameanzia na kipande cha kabla ya alfajiri.

2. Sababu uliyonipa. Mwalimu Gaudensia alitusomea maandishi ya Kiingereza yaliyotokea kwenye kioo, nami nikakupigia simu. Ulinieleza kwa upole, nakiri, kwamba picha za Zablon zimefungashwa kwa namna ya kampuni za nje, na ili zifunguke anatakiwa mkalimani aitwaye kodeki. Mkalimani huyo ana wenyewe. Kompyuta yako ni ya mfumo huria, kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyotengenezwa na kuirekebisha, na kwa hiyo hukutaka kumkaribisha ndani mkalimani mwenye masharti ya watu. Sauti nayo, ukasema, ilikuwa na masharti kama hayo, ila muda wake uliisha, ndiyo maana inasikika. Picha bado haijamaliza kifungo chake.

Mwanangu, nimelielewa somo lako kuliko unavyodhani. Mimi niliingia nchi hii nimebebwa mgongoni. Nimeishi kwa kibali. Nilipoumwa jino, niliomba kibali cha kutoka makazi ya wakimbizi kwenda Mpanda kuling'oa. Siku nilipopewa cheti cha uraia nilikilalia chini ya mto mwezi mzima, na Générose mke wangu alikuwa akiamka kukipapasa kama bado kipo. Mtu kama mimi huhitaji kumfundisha utamu wa uhuru. Lakini sikutegemea kwamba baada ya sisi wote kupata karatasi zetu, atakayebaki anangoja kibali ni bibi harusi.

3. Kwa kuwa tatizo limetajwa kuwa ni ruhusa, nilichukua hatua inayojulikana na kila mwananchi. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya utambulisho. Aliniuliza anayetambulishwa ni nani, nikamwambia ni mkanda wa harusi. Alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuutambulisha mkanda, ila watu waliomo ndani yake anawafahamu wote. Akaandika kwamba harusi tajwa ni halali, ilifanyika mbele yake, na yeye mwenyewe alikula pilau. Akagonga muhuri. Nikaiweka barua mbele ya kile kijicho kilicho juu ya kioo cha kompyuta, nikaishikilia mpaka mkono ukafa ganzi. Giza. Nikaisogeza ili muhuri uonekane vizuri. Giza lile lile. Nauliza kwa heshima zote, mfumo wako huria unaitambua serikali ya kijiji au hauitambui? Kama hauitambui sema mapema, maana kompyuta hiyo inalala chumbani kwangu.

4. Wakwe zetu. Alhamisi mama yake Telesphor, Mama Rozalia, alifika kutoka Kapalamsenga, ufukweni mwa ziwa, na wenzake wanne na kapu la samaki aina ya migebuka, wakijua wanakuja kuuangalia mkanda pamoja na sisi kama ilivyo desturi. Walikaa masaa mawili wameangalia giza bila kulalamika, watu waungwana sana. Halafu Mama Rozalia akaniuliza taratibu kama kwa mila ya kwetu sura za wakwe hazionyeshwi mpaka mwaka upite. Nikamjibu ndiyo, ni mila. Sasa habari imeenea ufukweni kote, na jana nimepigiwa simu na mzee wa huko nisiyemjua, anaoza binti yake mwezi ujao, anataka nimwelekeze mila hiyo inaanza siku gani.

5. Usiniambie simu. Mkanda ni wa masaa manne, na simu zote tatu za nyumba hii zimesema zimejaa. Tena mama haoni kitu kilicho kidogo kuliko sinia. Usiniambie runinga pia. Ya kwetu ilipigwa radi mwezi wa tatu, na ya jirani yetu Skolastika inaonyesha rangi ya kijani peke yake. Kompyuta yako ndiyo kioo pekee kikubwa kilichobaki hai katika kitongoji hiki, na Doto, aliposimama mlangoni akasikiliza hotuba ya mshenga, aliniuliza redio hiyo nimeinunua wapi.

6. Ushauri wako kwamba nimpelekee Zablon ujumbe auhifadhi upya mkanda wake katika muundo huria, ambao kompyuta ingeusoma bila mkalimani wa mtu, niliupokea na kuuweka faili. Baba wa bibi harusi hamfuati mpiga picha kumwomba arudie kazi. Tusilizungumze tena.

7. Hili ndilo zito. Umenifanya mwongo katika nyumba yangu. Kwa kuwa picha hakuna, na mama amekuja kuangalia, ilibidi mtu asimame kando ya kioo aeleze. Nikasimama mimi. Alasiri ya kwanza nilieleza ukweli mtupu: hapa Odeta anaingia kanisani, hapa Telesphor anajifuta jasho. Lakini mama anauliza maswali. Akauliza mbona kunasikika kishindo juu ya bati, mvua ilinyesha? Nikaona nikisema ndiyo ataikumbuka barabara ya Mwese na moyo utamuuma. Nikasema hapana, ni makofi. Akauliza wakati wa hotuba ndefu ya mshenga mimi nilikuwa wapi. Mwanangu, nilikuwa nimesinzia. Nikasema nilikuwa nimesimama wima natikisa kichwa kwa kukubali. Akauliza kama nilicheza. Nikacheza, mwanangu. Katika giza lile nimecheza kuanzia mlangoni hadi meza kuu, na kila nikifika hapo Générose anakohoa. Leo ni alasiri ya nane. Sauti imenikauka, uongo umeongezeka, na majirani wanaleta viti vyao wenyewe. Jana mmoja alinisahihisha. Alisema juzi nilicheza kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hayo yote, naomba moja kati ya haya lifanyike kabla ya Jumapili:

(a) Uhuru wako ujifanye umesinzia masaa manne, kama mimi wakati wa hotuba, mkalimani aingie, afanye kazi yake, atoke, na asiyeona hajaona.

(b) Au uziandikie kampuni hizo za nje kwa niaba ya ukoo, uwaeleze kwamba kuna mama yetu anaitwa Donatille, kwamba hana nia ya kuiba ufundi wa mtu, anataka tu kumwona mjukuu wake, na kwamba Jumapili asubuhi pikipiki inakuja kumchukua. Barua ya mtendaji ninayo, wanaweza kutumiwa.

(c) Yakishindikana yote mawili, ukoo utakaa kikao na cheo chako atapewa Doto, ambaye kompyuta haijui lakini angalau alimfikisha mama.

Sikukasirikii. Nimesikitika tu, na nimechoka miguu. Najua kompyuta hii uliitengeneza kwa mikono yako ukiwa mwanafunzi, ukatupa sisi badala ya kuiuza, na kwamba haijatudai kitu chochote tangu ifike. Ndiyo maana nimekuandikia kwa staha.

Nisalimie mwenye nyumba wako, wenzako wote wa mfumo huria, na huyo binti ambaye hujatutajia jina lakini tunajua yupo. Baba yako amesema hajambo, ila mbuzi mmoja ana kikohozi. Générose anakusalimu. Skolastika anakusalimu na anauliza kama unajua runinga.

Wako katika ujenzi wa ukoo,

Libérat
Baba wa Bibi Harusi na Katibu Mstaafu

Kiambatisho: Barua ya utambulisho wa mkanda (nakala moja).

Nakala: Mama Donatille, kwa taarifa (atasomewa).
Mama Rozalia, Kapalamsenga, asipelekewe kwanza.

TANBIHI: Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikingoja mtu wa kuja Dodoma, na mambo yamebadilika. Générose, bila kuniambia, alimpigia simu Zablon akampa ule ujumbe wako niliouweka faili. Zablon alisema kumbe jambo lenyewe ni dogo, akauhifadhi upya mkanda usiku mmoja, akautuma kwa flashi nyingine. Tumeuchomeka leo. Picha imetoka, safi, bila mkalimani wa mtu, na kompyuta yako haina kosa lolote. Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, pamoja na kipengele (c). Doto ameshajulishwa.

La saba sijakuandikia lote, na naona nimalizie sasa.

Alasiri ya pili mama aliniuliza, "Na mimi mmeniketisha wapi?" Alikuwa ameangalia kioo, hakuniangalia mimi. Anajua vizuri kwamba hakuwepo, akili yake ni nzima kuliko yangu. Lakini kulikuwa na giza, na katika giza lile hakuna kiti kilichokuwa kimejaa. Nikamwambia tumemketisha mbele, kati ya padri na Mama Rozalia. Akauliza amevaa nini. Nikasema imvutano yake ya bluu, lile vazi la kwetu lililokuwa kwenye mfuko wa nailoni. Akauliza kama imelowa, nikasema hapana, ni kavu kabisa. Akauliza kama Odeta alimfuata kupata baraka. Nikasema ndiyo mama, huyo anakuja, amepiga magoti mbele yako. Basi akanyoosha mkono kuelekea kioo cheusi, akatoa baraka yote kwa Kirundi, polepole, na majina ya wazee wetu tuliowaacha kule. Siku iliyofuata wakwe walipokuja aliitoa tena, na Mama Rozalia, asiyejua neno la Kirundi, aliitikia amina.

Leo ameiangalia picha ya kweli mpaka mwisho bila kusimama. Ameiona mvua. Ameniona nimesinzia mdomo wazi. Alisifu gauni, akasifu meno ya Telesphor. Ilipokwisha alinishika mkono akasema, "Picha ni nzuri, mwanangu. Sasa niwekee ile nyingine, ile niliyokuwemo."

Kwa hiyo naomba kwa maandishi kwamba kodeki isiwekwe kwenye kompyuta hii, leo wala baadaye, hata ikija bure na bila masharti. Flashi ya kwanza nimeifunga kwenye kitambaa na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Pikipiki ya Jumapili nimeiahirisha. Odeta nimempigia simu, atafika Jumamosi kutoka Kapalamsenga na mume wake, na nimemweleza pa kupiga magoti.