Kadi Niliyoipendekeza Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kihistoria! Kadi ya kunasia video, niliyoipendekeza kwa ripoti yenye dibaji na hitimisho, imewasili studioni. Itahamishia kanda kuukuu kwenye kompyuta. Nimeifunga mwenyewe. Boksi lake nimeliweka chini ya skrini. Sasa skrini imekaa kwa heshima.

Mkurugenzi amenikabidhi kanda ya harusi yake. Ndani yake marehemu mama yake anatoa nasaha. Baba yake, mzee anayesahau mengi siku hizi, ataletwa Jumamosi aisikie sauti ile. Nikifaulu, nitaajiriwa. Nikishindwa, ataajiriwa Bwana Tai, mwenzangu wa majaribio, ambaye nadhani hulala na tai shingoni.

Jumanne, 5 Machi
Marehemu alisimama, akashika mtandio, akafungua kinywa. Kompyuta ikazimika. Nikaiwasha. Akasimama, mtandio, kinywa. Giza!

Chanzo nimekibaini: umeme wa jengo hauna nidhamu. Nimemwandikia mwenye nyumba barua kali. Bwana Tai akauliza kwa nini nisiichomoe kadi. Nikamjibu kwamba mgeni hafukuzwi kabla hajakaa. Akasema, “Mgeni wako, ndugu msomi, anavunja vyombo.”

Jumatano, 6 Machi
Si umeme. Ni joto. Nimefungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni. Feni ikanasa ncha ya tai ya Bwana Tai. Nilimwomba radhi kwa lugha fasaha, nikaenda kucheka ukumbini. Kompyuta ikazimika vilevile. Nikafuta kila programu niliyoishuku. Kumbe moja ilikuwa ya mhasibu, naye alikuwa akiitumia.

Alhamisi, 7 Machi
Kanda imeanza kutoa mistari myeupe. Nimeirudisha nyuma mno. Naogopa.

Nimemwona yule mama akifungua kinywa mara nyingi hata namwamkia. Mama yangu naye ndivyo aanzavyo: mtandio kwanza, kisha ukweli. Huyu alitaka kusema nini?

Shangazi, aliyenitafutia nafasi hii, akanipigia simu. Akaniambia, “Mwanangu, ukikwama uliza. Kuuliza si ujinga.” Nilimshukuru. Hajui taaluma.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeichomoa kadi, kwa utafiti tu. Kompyuta ikafanya kazi kutwa bila hata kukohoa.

Bwana Tai akalivuta boksi, akasoma kwa sauti: kadi haipatani na kompyuta za aina yetu. Herufi nene! Skrini ikainama. Nami pia.

Jumamosi, 9 Machi
Nilimweleza mkurugenzi kwamba video haipo. Hakunitazama. Akaiunganisha deki ya kuchezea kanda moja kwa moja na televisheni, kama watu walivyofanya miaka yote.

Mama akasimama. Mtandio. Kinywa. Akamwambia bintiye, kupitia mistari myeupe: “Mvumilie mumeo akipotea njia, maana baba yako huyu, tangu nimjue, hajawahi kumuuliza mtu njia.”

Mzee hakuwa ametamka neno tangu afike. Akainua kichwa, akaijibu televisheni: “Lakini tulifika!”

Watu wakacheka. Mkurugenzi akalia. Mimi nikajifanya nakagua nyaya.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana Tai ameajiriwa. Mimi nimeongezewa muda wa majaribio. Nadhani ni kwa sababu mzee aliniombea mema, akidhani mimi ni mkwewe.

Nimetafakari kwa kina. Kadi haikuwa na kosa lolote. Kompyuta ndiyo isiyopatana nayo. Nimewasilisha ripoti, yenye dibaji na hitimisho, kupendekeza kompyuta mpya. Boksi lake litakuwa kubwa zaidi. Skrini itakaa vizuri sana.