Mateke Sabini na Moja ya Shemeji

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamua. Mwaka huu hauishi kabla sijapeleka mshenga kwa akina Skolastika. Kikwazo ni kimoja: Anatoli, fundi simu wa kibanda cha jirani. Kila jioni yuko uani kwa mama yake Skolastika, eti anamtengenezea simu. Simu gani hiyo isiyopona?

Leo nimepata dawa yake. Skolastika ana mdogo wake, Ndayikunda, aliyechukuliwa na mjomba kutoka kambi ya wakimbizi akiwa mtoto, wakaenda Marekani. Sasa yuko chuo kikuu na anacheza mpira wao, ule wenye umbo la yai. Nikaingia mtandaoni. Jedwali la vyuo vyote vya Marekani, safu ya mateke, juu kabisa: Ndayikunda! Mechi tisa, mateke sabini na moja, yadi elfu tatu kasoro.

Mimi ni fundi cherehani. Yadi nazijua. Kwa kitambaa hicho ningeuvika mtaa wetu wote wa Buzebazeba, mabaki nikawapa Ujiji. Shemeji yangu ni mfungaji bora!

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi na mapema, Katonga. Skolastika alikuwa anapanga samaki wake wa migebuka sokoni. Nikammwagia takwimu. Akauliza kama mateke ndiyo mabao. Nilicheka sana. Mtu apige teke uwanjani kwa ajili gani kama si kufunga? Akasema basi mdogo wake ni msiri, hajawahi kujisifu. Nikamwambia ndivyo tulivyo sisi magwiji.

Akanipa mgebuka. Bure! Anatoli hajawahi kupewa hata kichwa.

Mpango: fulana. Mgongoni MFUNGAJI BORA MAREKANI. Jumapili saa kumi jioni Mama Skola huongea na mwanawe kwa video, huko Marekani ni asubuhi. Atakuta mtaa umevaa. Kitambaa kipo, cha sare za kwaya. Kwaya itasubiri.

Ijumaa, 8 Novemba

Anatoli amekuja kibandani. Kwa upole wake wa kinafiki akanishauri nimpigie kijana kwanza, nimuulize. Wivu huo! Nikamwambia takwimu hazidanganyi. Nikamuuliza yeye anajua nini kuhusu Ndayikunda. Akajibu anajua kijana amehama bweni, na chakula cha huko kinamshinda.

Chakula! Mtu anaongoza nchi nzima, huyu anaulizia chakula. Fulana yake nimeishona ndogo makusudi.

Jumapili, 10 Novemba

Leo siandiki kitu.

Naandika. Uani palijaa. Nikamwamkia Mama Skola shikamoo, nikaongeza “amahoro” kwa Kirundi chake ili aone mkwe aliyekamilika. Anatoli akashika simu, fulana imembana kwapani. Ndayikunda akatokea. Sote tukageuka kumwonyesha migongo. Nikamsomea takwimu zake kwa sauti ya redio.

Kijana akacheka mpaka akapotea kwenye kioo. Aliporudi akaeleza. Katika mpira wao, timu ikishindwa kabisa kusonga mbele ndipo anaitwa yeye, aubutue mpira mbali ili wapinzani waanzie huko. Bao hajafunga tangu azaliwe. Anaongoza kwa mateke kwa sababu hakuna chuo kinachoshindwa kama chake. Mechi tisa, wamepigwa zote tisa.

Watu wakaanza kuvua fulana. Mwenyekiti wa kwaya akaitambua rangi. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama Skola peke yake alifurahi. Miezi yote hiyo alikuwa roho juu, akidhani mwanawe ndiye yule anayeangukiwa na majitu. Kumbe anapiga teke lake na kukaa pembeni! Akamshukuru Mungu kwa Kirundi. Fulana yake hakuivua.

Nikaona nimepona. Skolastika akanisindikiza mpaka mlangoni.

“Kaka Nikodemu,” akasema, “umehesabu mateke yote ya mdogo wangu. Hata siku moja hukumuuliza kama amekula.”

Kaka! Ameniita kaka. Na nyuma yake Anatoli anapakuliwa ugali na mgebuka, kichwa na mkia. Imeniuma. Nimerudi nyumbani nikapiga cherehani bila uzi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimewaza sana. Skolastika ana haki. Nilikosea, tena nilikosea vibaya, nakiri mwenyewe. Nilisoma safu isiyo sahihi.

Asubuhi nimemwandikia Ndayikunda kumuuliza kama amekula. Ameguswa. Akajibu ameanza kukizoea chakula cha chuoni, jana amemaliza sahani tatu. Nikamuuliza wenzake wanamaliza ngapi. Akasema mbili, wengi wao.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. Wa kwanza tena!

Anatoli amepita, nikaficha kazi chini ya meza. Kitambaa cha kwaya kimebaki kidogo lakini kinatosha, nikiibana fulana ya Anatoli zaidi kidogo kwapani. Herufi nimeshazikata: MLAJI BORA MAREKANI.